Safari ya Flamingo: Mamba na Aligeta

Katika dunia nzima hapana mahali pengine, isipokuwa ncha ya kusini ya jimbo la Florida katika Marekani, ambapo mamba na aligeta huishi pamoja kwa maumbile yao, pasipo kutiwa humo na mkono wa mwanadamu; na kwa kuwa tangu utoto wangu katika bonde la Rufiji nimewasikia watu wazima wenye akili timamu wakibishana hata usiku wa manane juu ya nguvu za mamba, na baadaye, filamu zilipotuletea habari za huyu jamaa yake wa ng'ambo, wakibishana tena ni nani angemshinda mwenziwe, niliazimu kwamba siku nitakayopata wasaa na nauli nitakwenda nikawatazame wote wawili katika ardhi moja na chini ya jua moja.

Nauli ilipatikana kwa tabu, na wasaa ukapatikana mwezi wa Januari, ambao kule ni katikati ya majira ya ukavu, mbu wakiwa wachache na maji yakiwa yamepungua, hata wanyama hukusanyika penye madimbwi yaliyosalia. Mwenyeji wangu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, mzaliwa wa Pangani aliyehamia Miami zamani, ambaye kazi yake ya kuendesha teksi imemfundisha barabara zote za jimbo lile, walakini haikumwondolea hata chembe ya imani aliyotoka nayo nyumbani, ya kuwa hapana mnyama wa majini awezaye kusimama mbele ya mamba wa mto Pangani.

"Utaona, shemeji," aliniambia tulipokuwa tukiuacha mji wa Homestead nyuma yetu, "hawa wa hapa ni mijusi iliyonenepa."

Hifadhi ya Taifa ya Everglades, iliyofunguliwa na Rais Truman mwezi wa Desemba mwaka 1947, si msitu wala si ziwa, na mgeni atakayeingia na sura ya Serengeti katika fikira zake atapata taabu kuielewa. Ni maji mengi yaendayo polepole mno, kutoka upande wa ziwa Okeechobee kaskazini hata ghuba ya Florida kusini, ingawa mifereji na maboma ya karne iliyopita yameyapunguza. Nayo hupita juu ya uwanda wa mawe ya chokaa, kati ya majani marefu yenye kingo kali za kukata ngozi. Uwanda huo ulivyo sawasawa, katika barabara ya maili 38 itokayo langoni hata Flamingo, pana kibao kiwatangaziacho wasafiri kwamba sasa wanavuka mwinuko wa Rock Reef, ambao kimo chake juu ya bahari ni futi 3. Shemeji alisimamisha gari makusudi ili nipande mlima huo, nami nikaupanda kwa taadhima yote iliyoustahili.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekwisha pita Royal Palm, penye njia iitwayo Anhinga, ambayo sehemu yake ni daraja la mbao juu ya maji. Hapo ndipo nilipomwona aligeta wa kwanza, na wa pili, na wa kumi, wamelala ukingoni bila ya kujali watoto wa Kizungu waliokuwa wakipiga kelele juu yao. Ni mnyama mweusi mweusi, mpana wa domo, na domo lenyewe limeviringa mbele. Taya lake la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo akifumba kinywa meno ya chini huingia ndani yasionekane, naye huwa na sura ya mtu mpole aliyeshiba. Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Hakufanya neno lolote, na kutofanya neno ni katika vipawa vyake vikubwa: mwili wake hauchomi chakula ili kujipatia joto, hulikopa joto kwa jua, na kwa sababu hiyo huweza kukaa majuma mengi pasipo kula, hali simba mwenye uzito kama wake angekwisha kufa.

Askari mmoja wa hifadhi, bibi mtu mzima mwenye kofia pana, alituonyesha dimbwi lililokuwa kando ya njia, akatwambia kwamba aligeta huyachimba na kuyatunza madimbwi ya namna ile, kwa kufukua tope na kung'oa majani kwa domo, miguu na mkia. Na ukavu unapokaza, samaki, kasa wa maji baridi na ndege wengi hawana pengine pa kukimbilia ila kwa huyo atakayewala baadhi yao. Habari hiyo ilinipendeza kuliko zote nilizozisikia siku ile, kwa maana katika mabishano yetu yote ya Rufiji sikupata kusikia mtu akihesabu kuchimba kuwa ni nguvu.

Shemeji hakuwa na haja ya madimbwi. Yeye alitaka habari za meno, na habari za meno, kwa bahati njema, zimepimwa.

Kaskazini ya jimbo hilo hilo, katika mji wa St. Augustine, pana bustani ya wanyama wa jamii hii iliyoanza mwaka 1893, na huko ndiko mtaalamu Gregory Erickson, wa Chuo Kikuu cha jimbo la Florida, alikofanya sehemu kubwa ya kazi ambayo mimi binafsi nisingeifanya kwa mshahara wowote. Yeye na wenziwe walimfunga kila mnyama kwa kamba, wakamkalia mgongoni, kisha wakamtia kinywani, katikati ya magego, kipimo kilichofungwa kwenye mwisho wa mti, wakamwacha aume. Mwaka 2003 walitangaza habari za aligeta, ambaye kuuma kwake kulifika ratili 2,125. Na mwaka 2012, walipokwisha kuwapima aina zote 23 zilizokuwa zikijulikana wakati ule, walitangaza kuwa mshindi ni mamba wa maji chumvi, yule wa Australia na visiwa vya Asia, aliyeuma kwa nguvu ya ratili 3,700, ambayo ndiyo kubwa kupita zote zilizopata kupimwa kwa mnyama aliye hai.

Nilipomsomea tarakimu hizo shemeji alipiga usukani kwa furaha. "Si nilikwambia? Mamba!"

Ilinilazimu kumsomea yaliyofuata, nayo hayakumfurahisha. Erickson hakupata kwamba ukoo wa mamba una taya kali na ukoo wa aligeta una taya legevu. Alipata kwamba nguvu za kuuma huufuata ukubwa wa mwili, karibu kwa wote, domo liwe pana ama jembamba, meno yawe manene ama membamba. Mwenye mwili mkubwa huuma zaidi, na mamba na aligeta wakilingana uzito, huumana sawasawa. Mamba wa maji chumvi amewashinda wote kwa kuwa ni mkubwa kuliko wote: yule aitwaye Lolong, aliyekamatwa nchini Ufilipino mwaka 2011, alikuwa na urefu wa mita 6.17 na uzito wa kilo 1,075, ilhali aligeta mkubwa kabisa aliyepata kupimwa barabara, aliyeuawa katika jimbo la Alabama mwaka 2014, hakutimiza mita 5, na uzito wake haukufika nusu ya uzito wa Lolong. Kwa hiyo mtu aulizaye kama mamba humshinda aligeta ameuliza swali lisilo na jibu mpaka aseme mamba yupi, wa wapi, na wa umri gani. Mamba wa Marekani, yule tuliyekuwa tukienda kumtafuta Flamingo, aghalabu halingani na mamba wetu wa mto Nile kwa ukubwa, naye akikutana na aligeta dume mzee sidhani kwamba ningemwekea dau.

Na taya hizo zenye kuvunja mfupa wa ng'ombe ni hodari kwa upande mmoja tu. Misuli ifumbayo kinywa ni minene, imejaa nyuma ya kichwa hata shingo ikavimba, lakini ile ifumbuayo ni midogo na dhaifu, kiasi kwamba wakamataji wa aligeta huko Florida wakisha kulifumba domo hulizungushia utepe wa kunata ule wa mafundi wa umeme, na mnyama wa kilo mia mbili hawezi kuukata. Mamba naye ni vivyo hivyo. Kadhalika wote wawili hujua ile hila ya kuuma kisha kujizungusha mwili mzima majini, ili kunyofoa nyama ambayo meno yao, yaliyoumbwa kwa kushika, hayawezi kuikata. Katika mambo ya kuua, basi, ni ndugu waliorithi chuo kimoja.

Katika mbio wametofautiana, ingawa si kwa namna ambayo shemeji angeitaka. Mwaka 2019 John Hutchinson, wa Chuo cha Kifalme cha Utabibu wa Wanyama mjini London, pamoja na wenziwe, walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya huko huko St. Augustine, ambako waliwapiga picha za sinema wanyama 42 wa aina 15 wakitembea na kukimbia. Walikuta kwamba mamba wa ukoo halisi, hasa wale wadogo, huweza kwenda shoti kama farasi, miguu ya nyuma ikisukuma karibu kwa pamoja na ya mbele ikipokea, mgongo ukijikunja na kujikunjua. Ama aligeta na jamaa zake wa Amerika ya Kusini hawana mwendo huo hata kidogo, na mwisho wa haraka yao ni telki, mguu wa mbele wa kulia ukienda pamoja na wa nyuma wa kushoto. Mtu angetazamia hapo kwamba mamba atamwacha mwenziwe mbali. Lakini saa iliposhikwa ilionekana kuwa waendao shoti na waendao telki hufika mwisho mmoja, takriban maili 11 kwa saa, na wataalamu wale wakaona kwamba huenda shoti inafaa zaidi kwa kuanza mbio ghafla na kugeuka upesi kuliko kwa mwendo wenyewe. Mamba mkubwa, kwa uzito wake, aghalabu huiacha shoti kwa watoto.

"Maili 11?" shemeji aliuliza. "Mimi nikiwa na hofu napita hizo."

Karibu na Flamingo majani yalikwisha, na mikoko ikaanza. Sikutazamia kwamba moyo wangu ungeruka kwa kuona matope, lakini mizizi ile iliyopinda na kusimama juu ya maji, harufu ile ya chumvi na majani yaozayo, na kaa wadogo wakikimbilia mashimoni, vilinirudisha kwenye delta ya Rufiji kwa ghafla ambayo ndege iliyonileta isingeiweza. Mkoko wao mwekundu ni ndugu wa mkoko wetu, wa jinsi moja, na kama ningepewa panga ningejua la kufanya. Kwenye gati, ambapo watalii hukodi mashua, nguva wa kule, mnene na mvivu kuliko wetu, alikuwa akipumua kando ya nguzo. Na juu ya ukingo, amelala kinywa wazi, alikuwapo mamba.

Hapo hapana mtu awezaye kuwachanganya wawili hawa akisha kuwaona siku moja. Yule tuliyemwacha Royal Palm ni mweusi na mpana. Huyu ni wa kijivu chenye kuelekea rangi ya zeituni, domo lake limechongoka, na alipofumba kinywa jino la nne la taya la chini lilitokeza nje, likakaa katika kipengele cha taya la juu. Ngozi yake pia ina alama: katika magamba ya mwili mzima, hata ya tumbo, mna vidoa vidogo vyenye hisi, ambavyo kwa aligeta hupatikana kichwani tu, kandokando ya taya, nao wafanya biashara ya ngozi huvitumia kutambua mkoba umetoka kwa nani. Vile vya tayani wote wawili wanavyo, na mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba hisi zake ni nyepesi kupita ncha za vidole vya mwanadamu. Tone likianguka dimbwini katika giza, mnyama hujua limeanguka upande gani.

Lakini kilichomweka mamba yule pale gatini, penye maji ya bahari, na kumweka aligeta kule ndani penye maji matamu, ni ulimi. Herodoto, Mgiriki wa kale, alipoandika habari za Misri, alisema kwamba mamba hana ulimi kabisa, kwa kuwa ulimi wake umeshikamana na sakafu ya kinywa hautoki nje. Na sijui angesema nini lau angelijua kwamba katika kiungo kile alichomnyima ndimo iliyomo siri yake. Wataalamu wawili wa Sydney, Taplin na Grigg, walionyesha mwaka 1981 kwamba ulimi wa mamba wa maji chumvi una tezi zitoazo chumvi iliyozidi mwilini, na jamaa zake wa ukoo halisi wanazo pia, hata huyu wa Florida. Ulimi wa aligeta nao una vitu vya kufanana na hivyo, ila kwa kazi ya kutoa chumvi havifai kitu; huweza kuingia baharini kuwinda kaa, akakaa kwa muda, lakini hana budi arudi kunywa maji matamu. Mamba mwenyewe hazaliwi na uwezo huo mtimilifu, na kitoto chake katika majuma ya kwanza hungojea mvua, ambayo maji yake, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi, nacho hunywa utando ule wa juu kabla haujachanganyika.

Hiyo ndiyo sababu watu wa ukoo wa mamba wametapakaa katika pwani za dunia, wakivuka mikono ya bahari toka kisiwa hata kisiwa, ilhali aligeta wamebaki aina mbili tu: huyu wa Marekani, na ndugu yake mdogo wa China, katika nchi ya mto Yangtze, ambaye amebaki kidogo mno katika makao yake ya asili. Mtu akiishia hapo atampa mamba ushindi. Asiishie hapo.

Mwezi wa Januari mwaka 2010 baridi kali iliingia Florida ya kusini ikakaa siku nyingi mfululizo, na mamba zaidi ya 100 walikutwa wamekufa. Aligeta wa huko huko walistahimili. Na mbali kaskazini, katika jimbo la North Carolina, ambako mamba hawezi kuishi hata msimu mmoja, maji yalipoganda mwanzoni mwa mwaka 2018 aligeta walionekana wamesimamisha mapua juu ya barafu, kila mmoja ametoboa tundu lake na kuacha barafu imfunge, mwili ukining'inia chini katika maji, moyo ukipiga kwa nadra. Na jua liliporudi wakajinasua, wakaendelea na mambo yao. Kwangu mimi, niliyekuwa nimevaa sweta mbili kwa baridi ya asubuhi ya Miami, tendo hilo lina shani kuliko ratili zote 3,700. Shoka la mamba ni chumvi na ngao ya aligeta ni baridi, na mpaka baina yao haukupigwa kwa meno. Umepigwa na hali ya hewa.

Mamba wa Florida wamepata msaada wa joto kutoka mahali pasipotarajiwa. Kusini ya Miami, penye mtambo wa umeme wa nguvu za atomu uitwao Turkey Point, palichimbwa mifereji mirefu sana ya kupoza maji, nao mamba, katika miaka ya 1970, waliiona mifereji hiyo, yenye vuguvugu na kingo za udongo laini zisizokanyagwa na watu, wakataga mayai humo. Wakati huo walikuwa wamebaki mia mbili tatu tu katika jimbo zima, na mwaka 1975 serikali ikawaandika katika daftari la viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2007 waliteremshwa daraja moja la hatari, wakiwa wameongezeka mara nyingi. Aligeta, waliowindwa kwa ajili ya ngozi hata wakadhaniwa wanakwisha, walihesabiwa kuwa wamepona mwaka 1987, na sasa huko Florida pekee wamepita milioni.

Jambo moja lilinishangaza nikiwa bado natazama. Watoto walikuwa hatua chache tu kutoka kwa mamba yule, wazazi wao wakipiga picha, na hapana aliyefadhaika. Kwetu, katika vijiji vya kando ya mto, watu hujenga wigo wa miti ndani ya maji ili wanawake wateke bila ya kuchukuliwa, na bado huchukuliwa. Mamba wa Marekani ni mwenye haya. Mpaka mwaka 2014 hapakuwa na habari iliyothibitishwa ya yeye kumwuma mtu katika Florida, na siku ile alipouma, mjini Coral Gables, watu wawili walikuwa wamejitupa usiku katika mfereji wake, nao wakapona. Nguvu anazo, nia ndiyo haipo, na nia haipimwi kwa kipimo cha mti. Shemeji alilitazama jambo hilo kama aibu ya ukoo.

Njiani kurudi ndipo nilipomweleza habari ambayo nilikuwa nimemwekea akiba. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba mamba watatu waliokamatwa kusini mwa jimbo lile walipopimwa nasaba yao kwa chembechembe za urithi walionekana kuwa ni mamba wa mto Nile, wa aina ile ile ya Rufiji na Pangani, ambao pasipo shaka waliletwa na watu kisha wakaponyoka ama wakaachiwa. Walikuwa wadogo bado. Mmoja alikutwa amejilaza kwenye kibaraza cha nyumba ya mtu mjini Miami. Wataalamu waliogopa mambo mawili: kwamba wengine wangekuwapo wasioonekana, na kwamba wangeoana na mamba wenyeji, maana nasaba zao si mbali.

Shemeji alipunguza mwendo kabisa. Akataka kujua kama ilielezwa wametoka mto gani.

Nikamwambia kwamba nasaba yao iliwaelekeza Afrika ya Kusini.

"Afrika ya Kusini!" akasema, akakanyaga mafuta. "Basi hao si wetu. Wa Pangani akipanda kibarazani kwa mtu, atakayekamatwa ni mwenye nyumba."